Una nafasi ya tukio moja tu mwaka huu: kongamano, jioni ya mada, ziara ya saiti au kamati ya tawi?

Kila ratiba ya mwaka inapotoka, napata ujumbe wa namna moja kutoka kwa vijana niliowahi kufanya nao kazi. "Shikamoo Injinia. Mwaka huu bosi amenipa ruhusa ya mara moja tu, na mfuko nao ndiyo huo unaoujua. Niende wapi?" Ada ya uanachama wameshalipa, cheti kimeshafika, sasa wanataka kukifaidi. Swali hili siwezi kulijibu juujuu, kwa sababu nimeona vijana wawili wakienda mkutano mmoja: mmoja akarudi na mzee wa kumlea kazini, mwenzake akarudi na mfuko wenye kalamu na daftari la mdhamini.

Basi naandika kwa ajili ya huyo mwenye nafasi moja. Nitaweka pamoja milango minne ambayo karibu kila chama cha wahandisi kinayo, iwe ni Taasisi ya Wahandisi Tanzania, IET, au ile ya Kenya, IEK, au matawi ya IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki, yaliyopo Afrika Mashariki. Mlango wa kwanza ni kongamano la mwaka pamoja na chakula chake cha usiku. Wa pili ni jioni ya mada. Wa tatu ni ziara ya saiti. Wa nne ni kujitolea kwenye kamati ya tawi.

Kabla ya hapo tutenganishe mambo mawili ambayo vijana wengi huyachanganya. Tanzania, anayekusajili na kukuruhusu kufanya kazi ya uhandisi ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kwa Sheria Na. 15 ya mwaka 1997. Kenya, kazi hiyo ni ya Bodi ya Wahandisi ya Kenya, EBK, kwa Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011. Bodi ni chombo cha sheria: inasajili, inakagua, inaweza pia kukufutia usajili. Chama ni watu. Uhai wake ni watu kukutana, na usipotokea mwaka mzima hakuna atakayekufuata nyumbani. Ada yako itakuwa imenunua fremu ya ukutani.

Vipimo nilivyotumia

Cha kwanza ni gharama, nikimaanisha gharama yote: kiingilio, nauli, malazi, na siku za kazi unazoacha. Cha pili ni watu, yaani utakutana na nani na utapata dakika ngapi za kuzungumza naye. Hapa wengi hujidanganya, maana kuwa ukumbi mmoja na mkurugenzi hakufanyi mkurugenzi akujue. Cha tatu ni unachobeba: Jumatatu ukirudi kazini, kuna kitu utakifanya tofauti? Cha nne ni kujua nani anaachwa nje. Kila aina ya mkusanyiko ina watu inaowafungia mlango bila kukusudia, na ni vizuri ujue mapema kama wewe ni mmoja wao.

Sikuweka alama za mafunzo endelevu kama kipimo peke yake. Ni muhimu kwa usajili wako, lakini milango hii inaweza kukupa alama ikiandaliwa rasmi. Uliza kabla ya kulipa kama tukio limetambuliwa na Bodi, kisha hakikisha jina lako limeandikwa kwenye karatasi ya mahudhurio kama lilivyo kwenye cheti chako cha usajili.

Kongamano la mwaka na chakula cha usiku

Gharama: ndiyo kubwa kuliko zote. Likifanyika Dodoma, wa Dar es Salaam anahesabu nauli na vitanda viwili au vitatu; likifanyika Dar, wa Kigoma anahesabu zaidi. Walio wengi ukumbini wamelipiwa na waajiri wao, na kama wako atalipa, sehemu kubwa ya hesabu hii inafutika. Kama unajilipia, uliza bei ya wahitimu na ya wanaojiandikisha mapema, halafu uliza pia kama unaweza kulipia siku moja.

Watu: wote wapo, kuanzia makatibu wakuu, wakandarasi, washauri na wauzaji wa vifaa wenye mabanda yao hadi wanafunzi waliokuja na basi la chuo. Ila kila mkubwa ana foleni ya wanaomsubiri, na wewe utapata dakika mbili na mkono wa kusalimiana.

Pazuri zaidi kwa maoni yangu ni pale mezani usiku. Wahandisi walianza kula pamoja kabla hawajawa na mitihani wala sheria ya usajili. Machi 1771, John Smeaton, yule aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone, na wenzake walianza kukutana kwenye baa ya King's Head, mtaa wa Holborn, London. Sababu ilikuwa ya kikazi. Miradi ya mifereji na bandari ilikuwa lazima ipite Bungeni, wahandisi wakawa wanaitwa kutoa ushahidi, kila mmoja akitetea mchoro wake mbele ya mwenzake asiyemjua vizuri. Mchana wanabishana kamatini, usiku wanakaa meza moja. Kundi hilo lipo mpaka leo, na bado kazi yake ni kula pamoja.

Nimeona jambo lilelile kwetu. Mkandarasi na mhandisi mshauri ambao kwa miezi sita wameandikiana barua kali kuhusu malipo ya kazi za nyongeza, ukiwakuta wanapitishiana pilau na kachumbari, unaelewa kwa nini mradi ule ulikuja kumalizika. Ila faida hiyo inamfikia mtu aliyekubali kukaa na wageni. Kosa la vijana ni kukaa meza nzima watu wa ofisi moja, wakala, wakapiga picha, wakaondoka. Ukiwa na tukio moja kwa mwaka, tafuta kiti pembeni ya mtu usiyemjua.

Kuna na upande wa heshima ya kazi. Kwenye Siku ya Wahandisi inayoandaliwa na ERB, wahandisi husimama kwa pamoja kula kiapo. Nimewahi kumwona baba mmoja nyuma ya ukumbi, kavaa kanzu na kofia, anasimama na mwanawe ingawa hakuna aliyemwambia asimame. Kanada nako wana desturi yao tangu 1925: mhandisi anayehitimu huvishwa pete ya chuma kwenye kidole kidogo cha mkono anaofanyia kazi, ili kila achorapo pete iguse karatasi. Kuna mtu anahitaji saa kama hiyo kuliko mada kumi, hasa aliyemaliza miaka yake mitatu ya mafunzo ya vitendo chini ya SEAP, mpango wa ERB wa kuwalea wahitimu kazini, na hakuna nyumbani anayeelewa alichopitia.

Unachobeba: picha ya taaluma nzima, yaani nani anafanya nini, miradi gani inakuja, vifaa gani vipya vipo sokoni. Ujuzi wa mikono ni mdogo, kwa kuwa mtoa mada mwenye robo saa anapita juu kwa juu. Mkutano mkuu wa chama ukiwa ndani ya kongamano, tafadhali usitoke nje hesabu zinaposomwa. Ukumbi hubaki nusu wakati huo, na nusu hiyo ndiyo inayoamua ada yako ya mwakani na ni tawi gani litapata fedha.

Anayeachwa nje: aliyejiajiri akiwa ndiyo kwanza ameanza, mtu mpole asiyependa kujisogeza, na mhitimu asiyejua bado anatafuta nini.

Kinamfaa nani: mwenye miaka mitano na zaidi kazini, mwenye kampuni ndogo anayetaka kujulikana, anayefikiria kuhama kazi au fani, na yule aliyefika hatua ya kula kiapo.

Jioni ya mada

Gharama: nauli ya daladala na saa mbili au tatu. Mara nyingi kiingilio hakuna. Chai, sambusa na karanga zinatoka kwenye mfuko wa tawi au kwa mtoa mada mwenyewe.

Watu: wachache, ishirini, thelathini, na baada ya mara ya tatu wanakujua kwa jina. Anayekuja kuzungumza hana haraka ya kukimbilia meza kuu. Projekta ikigoma, mnasaidiana kuitengeneza, na mazungumzo yanaanzia hapo.

Nina deni na mkusanyiko wa namna hii, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mwaka wangu wa tatu kazini nilisimamia jengo lenye kibaraza kilichotokeza nje ghorofa ya pili bila nguzo. Wiki chache baada ya kutoa mirunda, ufa ukajitokeza juu ya slabu, umenyooka sambamba na ukuta. Nilipitia hesabu zangu mara tatu, ziko sawa. Nilipima matokeo ya vipande vya zege vilivyovunjwa maabara, viko sawa. Nililala vibaya wiki nzima. Nikaenda jioni ya mada iliyohusu kitu kingine kabisa, mifereji ya maji ya mvua, na wakati wa chai nikamwonyesha mzee mmoja mstaafu picha kwenye simu.

Hakuniuliza hesabu. Aliniuliza, "Siku ya kumwaga zege, toroli zilipita wapi?"

Zilipita juu ya nondo. Hakuna aliyeweka mbao za kupitia. Mzee akachukua karatasi ya kufutia mikono akachora: kibaraza cha namna ile kinavutwa upande wa juu, kwa hiyo nondo za juu ndizo zinazobeba. Mafundi wakizikanyaga na toroli zikapita, zinashuka. "Slabu yako ni ya sentimita 15," akasema, "nondo ikishuka sentimita 4, umepoteza kama theluthi ya kina chake. Mchoro wako umejengwa ofisini. Kule saiti wamejenga kitu kingine." Tulirudisha mirunda kesho yake asubuhi, tukachimbua kidogo karibu na ufa, tukazikuta nondo pale aliposema. Kibaraza kilivunjwa kikamwagwa upya. Karatasi ile ninayo bado, imeshika mafuta ya sambusa kwenye kona, na mbao za kupitia toroli ni jambo la kwanza ninalouliza siku ya zege hadi leo.

Swali kama lile huwezi kumuuliza mtu kwenye banda la maonyesho. Linahitaji muda na chai, na watu wasiokuwa na sababu ya kukucheka.

Asili ya vyama vyetu ni meza kama hizo. Tarehe 2 Januari 1818, vijana wachache wasio na majina makubwa, mmoja wao akiwa Henry Robinson Palmer, walikutana Kendal Coffee House, mtaa wa Fleet, London, wakaanzisha chama cha kufundishana. Kwa miaka miwili kilisuasua kwa kukosa mtu mzima wa kukisimamia, mpaka mwaka 1820 Thomas Telford, mjenzi mashuhuri wa barabara na madaraja, alipokubali kuwa rais wao. Hati ya kifalme ilikuja 1828. Kahawa ilitangulia hati kwa miaka kumi. Huko Marekani nako, IEEE iliyozaliwa 1963 kwa kuunganisha vyama viwili, na leo ina wanachama zaidi ya 400,000, kila Jumanne ya kwanza ya Oktoba huadhimisha mkutano wa Philadelphia wa mwaka 1884 ambapo wanachama wa kimoja kati ya vyama hivyo viwili walikutana mara ya kwanza kubadilishana maarifa ya ufundi. Ukiwa mtu wa umeme, elektroniki au kompyuta, ulizia tawi la wanafunzi la IEEE kwenye chuo kilicho karibu nawe. Mikutano yao mingi haimfungii mlango asiye mwanachama.

Unachobeba: jibu la swali ulilokuja nalo, mara nyingi kutoka kwa mtu asiyekuwa mtoa mada. Hapa pia ni mahali pazuri pa kujizoeza kusema. Aliyewahi kusimama mbele ya watu ishirini akaulizwa maswali magumu hatishiki sana na jopo la usaili wa usajili.

Anayeachwa nje: wengi, na linaniuma. Mkutano unaoanza saa 12 jioni ukaisha saa 3 usiku unamfungia nje mama mwenye mtoto mchanga, na dada anayepanda magari mawili kufika nyumbani. Wa mikoani hawafiki kabisa. Mikutano ya mtandaoni imesaidia, na mada unaipata vizuri tu, ila ile nusu saa ya chai haipiti kwenye kioo. Nimeshapendekeza kwenye tawi letu tujaribu Jumamosi asubuhi, na nitaendelea kupendekeza.

Kinamfaa nani: mwenye tatizo mkononi, anayejiandaa na usaili, mhitimu anayefanya kazi mahali ambapo hana mhandisi wa kumwuliza, na yeyote asiyekuwa na hela mwaka huu.

Ziara ya saiti

Gharama: ya kati. Basi hukodiwa kwa kuchangishana, na siku nzima inaondoka. Usisahau vifaa vyako: mabuti, kizibao chenye kung'aa na kofia ngumu. Mwenyeji huazima kofia, mabuti ni nadra.

Watu: wa aina mbili. Kuna wenzako wa kwenye basi, ambao utakaa nao saa nyingi, na kuna mafundi na wasimamizi wa pale mnapokwenda. Mtu anayesoma michoro tu ofisini huwakosa hawa wa pili maisha yake yote.

Afrika Mashariki sasa hivi ina vya kuona. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Reli ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 hivi juu ya Ziwa Victoria, lilifunguliwa Juni 2025. Kenya kuna umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria karibu na Naivasha, na kule Ziwa Turkana kuna mitambo 365 ya upepo. Lakini ziara iliyonifundisha zaidi haikuwa ya mradi mkubwa hata mmoja. Ilikuwa kituo kidogo cha kusukuma maji.

Pampu moja ilikuwa inalia kama kokoto zinazungushwa ndani ya ndoo. Fundi wa zamu alituona tunatazamana, akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye mwili wa pampu na mpini sikioni, kisha akanipa. "Sikiliza hapa kwenye beringi." Kimya, mzunguko laini. "Sasa sikiliza huku yanakoingilia maji." Kokoto. Akaeleza kwamba maji yanaifikia pampu kwa shida, viputo vinazaliwa halafu vinapasukia kwenye chuma, na chuma kinaliwa. Pembeni, kwenye sakafu, lilikuwepo panga la pampu, kile chuma kinachozunguka ndani kusukuma maji, lililotolewa mwaka uliotangulia. Nilipitisha kidole: mashimo madogo madogo, kama ubao ulioliwa na mchwa. Chuoni nilikuwa nimefaulu swali la jambo hilo. Pale ndipo nilipolijua.

Unachobeba: sikio, jicho na mkono, na maswali ya kumuuliza fundi wako mwenyewe ukirudi. Ziara ya fani isiyo yako huzaa zaidi. Mtu wa barabara akiona chumba cha kuendeshea mitambo ya umeme, hukumbuka siku nyingine kuacha njia ya nyaya kwenye daraja lake.

Upungufu: wenyeji hufagia kabla hamjafika, kwa hiyo unaona upande uliooshwa uso. Watu 60 nyuma ya mwongozaji mmoja, karibu na mashine inayonguruma, nusu hawasikii kitu. Kaa mbele au jitenge na fundi mmoja umwulize kwa adabu. Picha pia usipige mpaka uruhusiwe.

Anayeachwa nje: nafasi ni chache na huisha siku ileile tangazo linapotoka. Wenye ulemavu wa miguu mara nyingi hawafikiriwi kabisa. Na dada zetu bado wanakuta mabuti yaliyoandaliwa yanaanzia saizi ya kiume, wanatembea siku nzima miguu inaogelea. Waandaaji, ulizeni saizi kwenye fomu ya kujiandikisha. Ni mstari mmoja tu.

Kinamfaa nani: mhitimu ambaye ofisi yake ni ya michoro tupu, mwalimu wa chuo anayetaka mifano hai, na mtu mpole. Kwenye basi hakuna haja ya kujitambulisha kwa fahari. Ukikaa jirani na mtu saa nne, mtazungumza.

Kamati ya tawi

Hapa nitakwenda haraka, si kwa sababu hapana thamani, ila kazi yenyewe haina mengi ya kusimulia. Gharama ni muda: kupanga viti, kupiga simu kwa mtoa mada anayeahirisha, kujibu kundi la WhatsApp saa 4 usiku, kutunza risiti za maji na karatasi. Pesa kidogo, jioni nyingi.

Watu: wachache, lakini kwa kina ambacho milango mingine haikupi. Mtu uliyebeba naye meza mara tano anaijua tabia yako ya kazi kuliko aliyesoma wasifu wako. Ukiwa ndiye unayepokea wageni mlangoni, kila mkubwa anayeingia lazima akusalimie, nawe una sababu ya kumpigia kesho yake kumshukuru. Unachobeba ni kuaminika, pamoja na ujuzi ambao hatukufundishwa vyuoni: bajeti, ratiba, barua, na kuongoza watu usiowalipa.

Anayeachwa nje ni mwenye kazi ya kambini, wiki tatu porini na moja nyumbani. Upungufu mwingine ni kwamba kamati inaweza kukumaliza. Vijana wenye moyo hugeuzwa watu wa kutumwa, na dada wakapewa chai na mapambo kana kwamba walisomea hayo. Ukiingia, omba kazi yenye jina: mhazini, mratibu wa mada, mratibu wa ziara, na muda wake ujulikane. Milango mizuri ya kuanzia ni siku zinazohitaji mikono mingi, kama Siku ya Uhandisi Duniani tarehe 4 Machi, au tarehe 23 Juni, Siku ya Wanawake katika Uhandisi, ambapo shule za sekondari hualikwa na kila meza inahitaji mtu wa kueleza.

Kinamfaa nani: aliye mji mmoja na tawi, mwenye ratiba inayotabirika, na anayetaka kukaa kwenye chama hiki miaka mingi.

Sasa wewe ni yupi

Umehitimu mwaka huu au mwaka jana, huna mwajiri wa kukulipia: acha kongamano. Nenda jioni za mada, hata mbili kwa gharama ya moja, na kila unapokwenda beba swali moja lililoandikwa. Kama kuna ziara ya karibu, iweke mbele ya mada ikiwa hujawahi kuona kazi ya fani yako ikifanyika.

Uko katikati ya miaka ya SEAP na unakaribia usaili: jioni ya mada, na omba kuwa mtoa mada. Chukua kazi uliyoisimamia mwenyewe, pamoja na kosa lililotokea na mlivyolirekebisha. Wazee hupenda kijana anayeleta kosa lake mezani, na watakuuliza yaleyale jopo litakayouliza.

Una kampuni ndogo, au unataka kuhama: kongamano, siku mbili, pamoja na chakula cha usiku. Kabla ya kwenda andika majina matano ya watu unaotaka kuzungumza nao na jambo moja la kumwambia kila mmoja. Wakipatikana wawili, nauli imerudi.

Mwajiri analipa kongamano lakini moyo wako uko kwenye ziara: kubali kongamano, halafu angalia ratiba. Mengi huwa na ziara siku ya mwisho, wakati watu wameshaanza kuondoka, na basi lina nafasi.

Una mtoto mdogo au unaishi mbali na mji: ziara ya mchana ndiyo inayokufaa zaidi kati ya hizi, na mada za mtandaoni zijaze pengo. Waandikie viongozi wa tawi kuhusu saa za mikutano. Wasipoambiwa hudhani waliokosa hawakutaka kuja.

Una miaka kumi na zaidi na unaona umeshayaona yote: nenda jioni ya mada, kaa kiti cha nyuma, na wakati wa chai usikimbie. Kuna kijana ana picha ya ufa kwenye simu yake.

Na kama wewe ndiye mhandisi pekee wa barabara kwenye wilaya ambayo haina tawi, hesabu waliopo kabla ya kuhesabu nauli ya Dodoma. Yupo wa maji, yupo wa umeme, huenda yupo na mwalimu wa chuo cha ufundi. Watatu wanatosha. Andikeni barua kwa chama mkiomba kutambuliwa kama kikundi cha wilaya, mkiendelea kusubiri jibu kutaneni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na aliye zamu alete mchoro mmoja unaomsumbua.